Kesi ya Stanford: iliyoonwa na wapita njia, na nyingi zisizoonwa na mtu

Mnamo saa saba usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 18 Januari 2015, wanafunzi wawili wa uzamili kutoka Uswidi walikuwa wakipita kwa baiskeli ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Stanford, California. Karibu na nyumba ya Kappa Alpha, moja ya vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume, walimwona kijana amemlalia mwanamke chini, nyuma ya pipa kubwa la takataka. Mwanamke hakuwa akitikisika. Wakasimama, wakauliza kulikoni. Kijana akainuka na kutimua mbio. Mmoja wao akamfukuza na kumwangusha, wakambana chini mpaka polisi wakafika. Baadaye, mmoja wa Waswidi hao alipokuwa akiwaeleza polisi alichokiona, alilia.

Kijana huyo ni Brock Turner, mwenye umri wa miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na muogeleaji wa timu ya chuo, mwenyeji wa Ohio. Mwanamke alikuwa na miaka 22. Hakusoma Stanford: alikwishahitimu kwingine, alikuwa akiishi na kufanya kazi jirani na hapo, na usiku ule alimsindikiza mdogo wake kwenye sherehe. Kilevi mwilini mwake kilikadiriwa kuwa zaidi ya mara tatu ya kiwango anachoruhusiwa dereva. Alizinduka alfajiri akiwa hospitalini, na hakuna alichokumbuka.

Wengi wanaoikumbuka kesi hii wanaikumbuka kwa adhabu yake ya miezi sita jela. Adhabu nitaifikia. Lakini anayetaka kuelewa ukatili wa kingono umeenea kiasi gani vyuoni, aanze na wale waendesha baiskeli. Kulikuwa na watu wawili walioona kwa macho yao, wasiomjua yeyote kati ya wahusika. Mtuhumiwa alikamatwa palepale. Aliyetendewa alifika hospitalini kabla ya kuoga na kabla nguo zake hazijafuliwa, na vipimo vikachukuliwa saa chache baadaye. Hakuwa mpenzi wa mtuhumiwa wala rafiki wa darasani, na hapakuwa na ujumbe wa kirafiki wa kesho yake ambao wakili angeusoma kortini kama ushahidi kwamba mambo yalikuwa shwari. Visa vingi vya vyuoni havina hata kimoja kati ya hivi. Kesi hii ilikuwa navyo vyote, na bado ilikuwa ngumu.

Yaliyotokea kortini

Kwa siku kadhaa mwanamke yule hakuambiwa kwa undani alichofanyiwa. Alikijua akiwa kazini, akipitia habari kwenye simu. Akasoma jinsi alivyokutwa na katika hali gani, kana kwamba anasoma juu ya mtu mwingine. Habari ileile iliorodhesha pia kasi za kuogelea za mshtakiwa.

Turner alifunguliwa mashtaka matano. Mawili, yale ya kubaka, yaliondolewa baadaye mwaka huo baada ya majibu ya vinasaba. Hapa inafaa kusimama kidogo. Sheria ya California ya wakati huo ilihesabu kuwa ni ubakaji pale tu kiungo cha uzazi kinapohusika. Kumwingilia mtu aliyezimia kwa kidole au kwa kitu kingine lilikuwa kosa la jina jingine, zito, lakini si ubakaji. Wakati huohuo FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, ambayo tangu mwaka 1927 ilikuwa ikitumia tafsiri finyu ya mwanamke kulazimishwa kwa nguvu, ilikuwa imekwisha kuibadili. Kuanzia 2013, kumwingilia mtu bila ridhaa yake, kwa kiungo chochote cha mwili au kwa kitu chochote, kulihesabiwa kuwa ubakaji katika takwimu zake. Kitendo kilekile cha usiku mmoja kilikuwa ubakaji kwenye daftari moja la serikali, na kwenye daftari jingine hakikuwa ubakaji. Tutaliona tena jambo hili tukifika kwenye hesabu za vyuo.

Kesi ilisikilizwa Machi 2016. Turner alidai mwanamke aliridhia na hata kufurahia. Mshtaki hakukumbuka kitu, na asiyekumbuka hawezi kubisha. Katika maelezo yake ya baadaye alisema hilo ndilo lililomuumiza: kumbukumbu yake iliyopotea iligeuka uwanja mtupu ambao mtu mwingine angeweza kuujaza apendavyo. Wakili wa utetezi alimuuliza alikunywa kiasi gani, kama ana desturi ya kulewa, na uhusiano wake na mpenzi wake ulikuwaje. Tarehe 30 Machi jopo la raia 12 lilimkuta Turner na hatia katika makosa yote matatu yaliyobaki: kushambulia kwa nia ya kubaka, kumwingilia mtu aliyelewa, na kumwingilia mtu asiye na fahamu. Wote 12 walikubaliana.

Makosa hayo kwa pamoja yangeweza kumpatia kifungo cha hadi miaka 14. Mwendesha mashtaka aliomba miaka sita. Afisa wa probesheni, yaani uangalizi wa mhalifu akiwa nje, alipendekeza kifungo kifupi katika jela ya kaunti, ambayo si gereza la jimbo la vifungo virefu, na Jaji Aaron Persky akafuata njia hiyo tarehe 2 Juni 2016: miezi sita jela, miaka mitatu ya probesheni, na jina kuwekwa maisha yote katika orodha ya wahalifu wa ngono. Jaji alisema gereza lingekuwa na athari kubwa sana kwa kijana huyo, na kwamba hakuona kama angekuwa hatari kwa wengine. Alitaja ujana wake, rekodi yake isiyo na doa, na pombe. Baba wa kijana aliandika barua kulalamika kwamba mwanawe analipishwa kupita kiasi kwa "dakika 20 za vitendo" katika maisha ya miaka 20 na ushei. Turner alitoka jela tarehe 2 Septemba, baada ya miezi mitatu.

Hoja ya jaji haikuwa ya kipuuzi ikisomwa peke yake. Majaji wengi wazuri husita kumtupa kijana wa miaka 20 gerezani, na katika nchi inayofunga watu wengi kama Marekani, kusita huko kuna thamani. Tatizo langu ni mizani. Athari kwa mtenda ilipimwa kwa urefu: masomo, kuogelea, hamu ya kula iliyompotea ambayo baba yake aliieleza. Athari kwa aliyetendewa ilisomwa mbele ya jaji huyohuyo, na haikuonekana kuwa na uzito uleule. Ridhaa ya mtu aliyezimia ilichukuliwa kama suala la pombe ya pande mbili, wakati mmoja alikuwa na uwezo wa kukimbia na mwingine hakuweza kufumbua macho.

Maelezo ya mwanamke huyo, aliyeitwa Emily Doe kulinda jina lake, yalichapishwa mtandaoni kesho yake. Ndani ya siku nne yalisomwa zaidi ya mara milioni 10. Wabunge wa Kongresi walipokezana kuyasoma yote bungeni, na Joe Biden, aliyekuwa makamu wa rais, alimwandikia barua ya wazi. Mwaka 2019 mwanamke huyo aliamua mwenyewe kujitambulisha: ni Chanel Miller. Alikuwa ameishi zaidi ya miaka minne bila jina mbele ya umma, wakati aliyemshambulia alijulikana kwa jina, picha na medali.

Ni wangapi?

Swali hili liliulizwa kwa uzito nchini Marekani mwaka 1987, mtafiti Mary Koss alipochapisha matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya wanafunzi 6,000 katika vyuo 32. Ubunifu wake ulikuwa katika namna ya kuuliza. Hakuuliza "umewahi kubakwa?" Aliuliza juu ya vitendo: je, mwanamume amewahi kukuingilia usipotaka kwa sababu alikutisha, alitumia nguvu, au alikunywesha? Zaidi ya robo ya wanawake walijibu ndiyo kwa jambo ambalo kisheria lingekuwa ubakaji au jaribio la ubakaji tangu walipokuwa na miaka 14. Ila kati ya waliotendewa ubakaji kwa maana ya sheria, karibu robo tatu hawakujiona kuwa wamebakwa. Na wengi wao mno, asilimia 84, walimfahamu mtenda.

Kwa mtazamo huo, kesi ya Turner ni mgeni kati ya takwimu. Mtu asiyejulikana, mahali pa wazi, usiku, na mashahidi: hivyo ndivyo watu wanavyoufikiria ubakaji. Idadi kubwa imo kwingine, chumbani kwa mtu unayemjua, mlango umefungwa.

Mwaka 2015, miezi michache baada ya usiku ule, umoja wa vyuo vikuu unaoitwa AAU ulitoa matokeo ya uchunguzi katika vyuo 27. Wanafunzi 150,072 walijibu. Kati ya wanawake wa shahada ya kwanza, asilimia 23.1 walisema tangu waingie chuoni wamewahi kuguswa au kuingiliwa kingono bila ridhaa, kwa nguvu au wakiwa hawajiwezi. Hesabu hiyo ina mipaka yake. Waliojibu hawakufika hata mmoja kati ya watano wa walioulizwa, na ripoti yenyewe ilionya kwamba huenda waliopatwa na jambo walikuwa na hamu zaidi ya kujibu. Tena ndani ya asilimia hiyo mna kuguswa kwa nguvu kwenye dansi na mna kuingiliwa. Anayesema "mwanamke 1 kati ya 5 hubakwa chuoni" anachanganya vitu. Lakini anayeitupa hesabu yote kwa sababu ya mchanganyiko huo ana kazi ya kueleza kwa nini chuo baada ya chuo, mwaka baada ya mwaka, tangu Koss, majibu yanaangukia karibu na mahali palepale.

Stanford haikushiriki uchunguzi huo wa AAU. Ilifanya wa kwake, na Oktoba 2015 ikatangaza kuwa asilimia 1.9 ya wanafunzi wamepatwa na shambulio la kingono. Magazeti yaliichukua namba hiyo. Pembeni yake palikuwa na nyingine, asilimia 14.2, waliopatwa na kile ambacho chuo kiliita utovu wa nidhamu wa kingono. Ili kuingia kwenye kapu la kwanza kitendo kilitakiwa kutimiza tafsiri finyu ya chuo. Kuguswa na majaribio mengi yakaenda kwenye la pili. Vilevile asilimia hizo zilichanganya wote, wanaume na wanawake, wa shahada ya kwanza na wa uzamili wenye miaka 30, hivyo hatari ya binti wa mwaka wa pili ikayeyuka ndani ya umati. Wanafunzi walipiga kelele. Katika kura yao ya Aprili 2016 walidai kwa wingi mkubwa uchunguzi upya, kwa maswali yaleyale ya vyuo vingine. Simtuhumu mtu kwa kudanganya. Kila namba ilikuwa na maelezo yake kwenye ripoti. Ila chuo kilijua ni namba ipi itakayobebwa na vichwa vya habari.

Nyumba za udugu na chupa

Watu wa nje ya Marekani hushangaa kwa nini sherehe za aina hii zinafanyika kwenye nyumba za wanaume. Sababu ni za kimpangilio. Tangu sheria ya 1984, umri wa kununua pombe ni miaka 21, kwa hiyo wengi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza hawawezi kwenda baa kihalali. Nyumba za vyama vya wanawake, kwa kanuni za vyama vyao vya kitaifa, haziruhusiwi kuwa na pombe. Zinabaki nyumba za vyama vya wanaume. Wao ndio wenye mlango, wenye muziki, wenye vyumba vya juu, na wao ndio wanaochanganya kinywaji kwenye ndoo na kukigawa. Msichana wa mwaka wa kwanza, mgeni mjini, anafika mahali ambapo kila kitu kiko mikononi mwa wenyeji. Watafiti wameona kwamba miezi ya mwanzo ya mwaka wa kwanza ndiyo yenye hatari kubwa.

Hapo palikuwa na la kurekebisha. Mabadiliko ya haraka ya Stanford yaliangukia chupa: Agosti 2016 chuo kilipiga marufuku pombe kali katika sherehe za wanafunzi wa shahada ya kwanza, na chupa kubwa za pombe hiyo mabwenini. Ukurasa wa chuo ulioeleza jinsi pombe inavyoathiri miili ya wanawake uliwaudhi wengi, ukaondolewa. Pombe ina sehemu yake kweli, hasa katika mikono ya anayetafuta mtu asiyejiweza. Lakini wale Waswidi walikuwa kwenye mazingira yaleyale ya Jumamosi usiku, na walipomwona mtu amezimia walishuka kwenye baiskeli.

Kuna kazi inayofanyika juu ya hilo. Vyuo vingi vya Marekani sasa vinafundisha wanafunzi namna ya kuingilia kati wakiona jambo linaelekea pabaya: kumwita rafiki pembeni, kuvuruga mazungumzo, kuita msaada. Nchini Kanada, Charlene Senn na wenzake walijaribu njia nyingine katika vyuo vitatu, mafunzo ya saa 12 kwa wanawake wa mwaka wa kwanza, yaliyowafundisha kutambua hatari inayotoka kwa watu wanaowafahamu na kupinga bila aibu. Matokeo, yaliyochapishwa 2015, yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliobakwa walikuwa asilimia 5.2 kati ya waliofundishwa, na asilimia 9.8 kati ya wasiofundishwa. Wapo wanaosema njia hii inawatwisha wanawake mzigo wa wanaume. Nawaelewa. Hata hivyo, binti anayeingia chuoni mwezi ujao hawezi kungoja mpaka wanaume wote waelimike.

Sheria iliyofuata, na bei yake

Septemba 30, 2016, gavana Jerry Brown alisaini sheria mbili. Moja ilipanua maana ya ubakaji California, ili kitendo kama kile cha Turner kisiitwe kwa jina dogo. Ya pili iliziba mwanya uliokuwa ukishangaza: aliyetumia nguvu kumshambulia mtu alikuwa hana budi kwenda gerezani, lakini aliyemshambulia mtu aliyezimia, ambaye hahitaji kushikwa kwa nguvu, angeweza kupewa probesheni. Kwa maneno mengine, mwathirika alivyokuwa dhaifu zaidi, ndivyo mtenda alivyopata nafuu.

Jaji Persky alichunguzwa na tume ya maadili ya majaji, ambayo haikuona kosa. Kampeni ya kumwondoa kwa kura, ikiongozwa na Michele Dauber, profesa wa sheria wa Stanford, iliendelea, na tarehe 5 Juni 2018 wapiga kura wa Kaunti ya Santa Clara wakamwondoa. Jaji wa California hakuwa ameondolewa kwa njia hiyo tangu 1932. Mawakili wengi wa utetezi na maprofesa wa sheria walipinga, wakihofu kwamba majaji watakaotishika watakuwa wakali, na ukali huo hautawaangukia waogeleaji wa Stanford bali vijana weusi na Walatino wasio na mawakili wa kulipwa. Utafiti wa kitakwimu uliokuja baadaye uliwapa haki kwa kiasi: baada ya kampeni kutangazwa, majaji wa California walitoa adhabu kali zaidi. Nilifurahi Persky alipoondoka, na bado naamini umma ulikuwa na haki ya kusema. Lakini hofu ile haikuwa ya kubuni, na anayeisimulia kesi hii bila kuitaja anasimulia nusu.

Zaidi ya hayo, sheria zote mbili na kura ile vinamhusu mtu aliyekwisha kufika mbele ya jaji. Rudi kwenye ripoti ya AAU ya 2015 uone ni wangapi wanaofika hata kwenye hatua ya kwanza. Kati ya wanawake walioingiliwa kwa nguvu, takriban robo tu walitoa taarifa kwa chombo chochote, cha chuo au cha dola. Kati ya walioingiliwa wakiwa hawajiwezi kwa ulevi au kwa kupoteza fahamu, yaani aina ileile ya kisa cha Miller, waliotoa taarifa hawakufika asilimia 15.

Mwaka 2019 Stanford ilijiunga na uchunguzi wa pamoja wa vyuo 33, kwa maswali ya pamoja. Safari hii, kati ya wanawake wa shahada ya kwanza waliokuwa chuoni kwa miaka minne au zaidi, karibu 4 kati ya 10 walisema wameguswa au kuingiliwa bila ridhaa tangu waanze masomo. Chuo kilikuwa kilekile cha asilimia 1.9. Namba ilikua kwa sababu safari hii walihesabiwa peke yao wale walio hatarini, kwa muda waliokaa, juu ya vitendo vyote.

Na wale wasiosema, walipoulizwa katika uchunguzi wa 2015 kwa nini walinyamaza, hawakutaja kwanza hofu ya mtenda wala kutowaamini polisi. Zaidi ya nusu ya wanawake walioingiliwa kwa nguvu na wasiripoti walijibu kwamba hawakuona kama jambo lenyewe lilikuwa kubwa kiasi cha kuripotiwa.